Mkweo na Mteremko: Maneno ya Safari ya Samaki Lualaba

Samaki wa mto Lualaba hahami. Kuhama ni kufunga virago, kuaga majirani na kwenda kuanza upya kwingine. Aliyehama hatarajiwi tena mlangoni. Samaki anayepanda mto mvua za kwanza zinapoutia rangi hajaacha makao yake. Anakwenda juu kutaga, anarudi chini kula na kunenepa, na watoto wake wanamfuata baadaye kwa mwendo wao. Kijito cha kutagia na mbuga ya mafuriko ni makao yake yote mawili, na njia iliyo kati yao pia ni makao. Hata hivyo tunaandika "uhamaji wa samaki" bila kusita, na kosa hilo lina gharama. Mhamaji huambiwa akahamie kwingine. Ukuta wa bwawa unapopangwa kujengwa mtoni, mtu husema samaki watahama, na kikao kinatulia, kana kwamba nyuma ya kilima kuna Lualaba nyingine inayowangoja.

Basi tutafute neno jingine. Hajiri ni zito kupita kiasi: linabeba hijra, na hijra ni tukio la imani lenye heshima yake. Safari ni tamu, ila ni pana. Mgeni, maiti na barua wote wana safari. Msafara una kumbukumbu chungu katika nchi hii ya Kongo. Karne ya 19, msafara uliopita Nyangwe na Kasongo, katika bonde la Lualaba hiyohiyo, ulikuwa wa pembe za ndovu na wa watu waliofungwa minyororo. Neno lililobeba mzigo huo tuliache lipumzike.

Vinywani mwa watu, samaki hupanda. Nalipenda neno hili kwa utajiri wake. Kupanda ni kwenda juu. Kupanda ni kutia mbegu ardhini. Na dume la mnyama humpanda jike. Kamusi huvitenga vitenzi hivyo kwa uangalifu, lakini samaki aendaye kutaga anavikaribia vyote kwa mwendo mmoja: anakwenda juu, anakutana na mwenzake, anaacha mbegu. Tatizo huja tunapotaka nomino. Andika "upandaji wa samaki", na msomaji ataona mtu mwenye ndoo akimwaga vifaranga bwawani. Kitenzi kinafaa mazungumzoni. Jina lake halifai kwenye kitabu.

Iko kwea. Ni ndugu wa kukwera kwa Wachewa na kukwira kwa Washona, mzizi wa Kibantu ulioenea kusini na mashariki kote. Mpwani analijua kupitia mkwezi wa minazi. Mtazame mkwezi: anapanda mnazi, anafanya kazi juu, anateremka. Hakuna aliyewahi kumwita mhamaji. Kurudi kwake kumo ndani ya kazi yake, na mwajiri anayemlipa anajua kwamba mkwezi asiyeweza kushuka ni msiba. Kolwezi, huku Katanga kwenye Lualaba ya juu, haina minazi, lakini neno zuri halihitaji mti wake ili lisafiri. Napendekeza tumwite samaki huyu mkwezi, wingi wakwezi, na kwenda kwake juu tukuite mkweo.

Mkweo unadai mwenziwe. Tukisema mkweo peke yake tumesimulia nusu, tena nusu ya wazazi. Nusu ya pili ni ya watoto, na hapa lugha yetu ya kitaalamu imekuwa bubu. Kuna shuka na kuna teremka. Unashuka garini, unashuka kitandani. Kushuka ni kuondoka juu ya kitu. Kuteremka ni kufuata mwinamo, hatua kwa hatua, huku njia ikikuongoza. Samaki mchanga anateremka. Mkweo wa wazazi, mteremko wa makinda: maneno mawili, safari moja, na kila mradi wa bwawa lazima ujibu kwa yote mawili.

Nimeandika makinda, na natetea uchaguzi huo. Mvuvi wa Katanga akisema kwa Kiswahili chake "batoto ya samaki", kila mtu anaelewa, na neno hilo lina upole. Maofisa wa ufugaji husema vifaranga, neno lililoazimwa kutoka bandani kwa kuku. Wengine husema mbegu, kutoka shambani. Yote mawili yanamchukulia samaki kama mali: kifaranga huhesabiwa, huuzwa, husafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye oksijeni. Kwa bwawa la kufugia yanatosha kabisa. Kwa mto hayafai, maana yanatufanya tuamini kwamba samaki wa mtoni wakipungua tutaagiza wengine.

Kinda ni mtoto wa ndege au wa mnyama, na wapenda soka wamelipa uhai mpya kwa kuwaita hivyo wachezaji chipukizi. Ndani yake kuna udogo, kuna ahadi, na hakuna bei. Tugawane hivi: kifaranga awe wa kufugwa, kinda awe wa porini. Aliyetoka yaini punde, ambaye bado amebeba kiini cha yai tumboni na hajaanza kula, tumwite kinda wa kiini. Hapo tunaachana na buu, ambalo linanuka mzoga, na kiluwiluwi, ambacho kina wenyewe: chura na mbu.

Dagaa nao watengwe. Dagaa, au ndakala kama wanavyoitwa katika masoko mengi ya Kongo, ni samaki wazima wenye maumbile madogo. Kinda wa samaki mkubwa akianikwa pamoja nao anaitwa dagaa pia, na jina hilo linaficha kilichotokea. Anayenunua kopo la dagaa halisi amenunua mavuno. Anayenunua kopo la makinda amenunua wazazi wa mwaka kesho. Soko likiwa na majina mawili, mnunuzi anaweza kuuliza.

Namna kinda anavyoteremka inataka kitenzi chake pia. Katika mito mingi duniani kinda wa kiini hana nguvu ya kuogelea kwa hiari. Anachukuliwa na mkondo, mara nyingi usiku. Sombwa lipo, lakini sombwa ni la maafa: mafuriko yalisomba daraja. Elea linafaa boya. Fuata maji ndilo sahihi kwa usahili wake. Kinda anafuata maji: ana udhaifu wa kutojiendesha na ana akili ya kwenda panapompasa, maana maji yanayoshuka wakati huo yanampeleka kwenye mbuga zilizofurika, penye chakula na maficho. Yafuatayo yote yanategemea kirai hicho kidogo. Kama kinda anafuata maji, basi popote tutakapoyapeleka maji tumempeleka na yeye.

Mito ya Katanga ilijua vizuizi kabla ya saruji. Kaskazini ya Kolwezi, mto Lualaba unaingia korongo la Nzilo na kushuka mita zaidi ya 450 katika kilomita zipatazo 70, kisha unatulia na kupitika kwa vyombo tangu Bukama. Kiswahili kina poromoko kwa ajili ya mahali kama hapo, kutoka poromoka, kuanguka kwa wingi na kishindo. Poromoko na ukuta si vizuizi vya aina moja. Poromoko humzuia mkwezi asipande, ila kinda anayefuata maji anaweza kuanguka nayo na kuendelea. Ukuta wenye mtambo unazuia mkweo na unageuza mteremko kuwa hatari. Anayesema "hata hivyo palikuwa na maporomoko" amesahau makinda.

Kizuizi, kwa hiyo, ni neno la jumla, na ndani yake tuna hazina. Uzio leo ni wa ua wa nyumba, lakini pwani ulikuwa na ungali jina la wigo wa fito wa kunasia samaki, pamoja na wando. Mgono ni mtego wa kusuka wenye mdomo mpana. Kule Kisangani, penye maporomoko ya Boyoma, Wagenia hutundika migono mikubwa kwenye miti waliyoisimika katikati ya maji makali. Vyote hivyo vina nafasi kati ya ufito na ufito: maji yanapita, kinda anapita, mkubwa anabaki. Uzio unachagua. Ukuta hauchagui. Tofauti hiyo tulikuwa nayo katika lugha kabla ya mhandisi yeyote kuja kuitafuta.

Sasa bwawa. Neno hili maskini limebebeshwa kazi tatu. Bwawa ni kidimbwi cha matope penye vyura; bwawa ni ukuta wa mita makumi kadhaa; bwawa ni maji yote yaliyozuiwa nyuma ya ukuta huo. Msomaji anayeambiwa "bwawa limepasuka" na msomaji anayeambiwa "bwawa limejaa" wanapewa jina moja kwa vitu viwili. Kongo wengi huchukua barrage ya Kifaransa kwa ukuta, na hapo wametuzidi kwa uwazi. Waliobaki tuseme ukuta wa bwawa kila tunapomaanisha ukuta, na bwawa libaki kwa maji. Lambo tulihifadhi kwa tuta la udongo la kunyweshea mifugo. Na banio, neno zuri la mafundi wa umwagiliaji wa Tanzania kutoka kitenzi bana, libaki kwa kizuizi kifupi kinachochepusha maji kuyaingiza mferejini. Banio dogo pia linaweza kumkatisha mkwezi njia. Udogo wake usimtoe kwenye hesabu.

Ziwa ni jaribu jingine. Maji yaliyo nyuma ya ukuta wa Nzilo huitwa ziwa Nzilo, na ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, huitwa ziwa Tshangalele. Ziwa lina heshima. Ni jina lile lile la titi linalonyonyesha, na mtu akilisikia anawaza riziki. Kweli riziki ipo. Samaki wasiohitaji mkweo wanastawi katika maji kama hayo, hasa jamii ya perege, wanaojulikana huku Katanga na Luapula kwa majina kama pale na makobo. Wengi wa jamii hiyo huatamia mayai na watoto mdomoni. Tazama uzuri wa neno kuatamia, lililotoka kwa kuku likamfaa samaki bila kupindwa! Mwenye kuatamia hamtumi mtoto wake kufuata maji. Lakini ukisema "ziwa lina samaki wengi" hujasema lolote juu ya wakwezi. Ripoti njema inataja nani ameongezeka na nani amepungua, kwa jina.

Tuama ni kitenzi cha kutafakari hapa. Maji hutuama, mashapo hutuama chini yake, na mtu aliyetulia kwa akili husemwa ametuama. Kwa kinda kutuama ni kifo. Anaposhuka na mkondo akaingia maji yaliyotuama, kinachombeba kinakoma. Anazama pamoja na mashapo, au anabaki akizunguka mbele ya vinywa vinavyomngoja. Kwa sababu hiyo bwawa lenyewe ni kizuizi cha mteremko hata kabla ya kufika ukutani, na kwa kinda kilomita za maji tuli zaweza kuwa ukuta wa kwanza. Tuna jina tayari: maji ya kutuama. Tuliandike kwenye ramani.

Majina ya kuta zenyewe yana historia ya kujifunza. Union Minière ilijenga Mwadingusha na kuifungua 1930 kwa jina la Francqui. Koni, pia kwenye Lufira, iliitwa Bia. Kuta mbili za Lualaba zilizojengwa miaka ya 1950 ziliitwa Delcommune na Le Marinel, kwa majina ya Wabelgiji walioongoza misafara kuingia Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Baada ya uhuru zikawa Nzilo na Nseke. Huo ulikuwa uamuzi wa istilahi, na ulikuwa sahihi: jina la mahali likarudi mahali pake, jina la korongo likashinda jina la mpita njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 umeongezwa Busanga, wenye uwezo wa megawati 240. Kama tuliweza kurudisha majina ya kuta, tunaweza kuwapa majina wanaokwama kwenye kuta hizo.

Umeme kwanza ulikuwa radi inayomulika, nasi tukaupa waya jina hilo bila kuazima. Kitenzi chake ndicho kinachonifurahisha. Kenya huzalisha umeme, Tanzania huufua. Kufua ni kazi ya mhunzi. Hufuliwa chuma, hufuliwa nguo, hufuliwa nazi, na kila mara kuna nguvu, kuna pigo, kuna kitu kinachobadilishwa hali. Kwa ukanda wa shaba hakuna kitenzi kinachofaa zaidi. Katanga ilifua shaba karne nyingi kabla ya wageni, ikaitwa Shaba kwa Kiswahili tangu 1971 hadi 1997, na umeme wake unafuliwa ili shaba iyeyushwe na migodi ikaushwe maji. Kolwezi inapokea umeme kutoka Nzilo jirani, na tangu 1982 kutoka Inga karibu na Atlantiki, kwa waya wa kilomita zipatazo 1,700. Lualaba ndio Kongo ya juu, kwa hiyo mto huohuo unafuliwa katika miisho yake miwili. Kuzalisha ni neno safi mno. Halisemi kwamba kuna kinachopigwa. Kufua linasema.

Na kinda anayefuata maji anaingia humo humo penye kufuliwa. Turbini tumelikubali, nami silipingi. Lina sauti ya Kiswahili na linajulikana. Visu vyake tuviite mapanga, kama tunavyoita vya feni. Kwa samaki mrefu hatari kubwa ni panga. Kwa kinda, udogo wake unamsaidia kulikwepa, lakini kuna adui asiyeonekana, naye ana jina bora kuliko yote katika fizikia ya Kiswahili: kanieneo. Kani ni nguvu, eneo ni mahali inapotandazwa. Aliyeunda neno hili alifundisha somo zima kwa silabi tano. Kanieneo huwa kubwa kabla ya mapanga, kisha hushuka ghafla nyuma yake, kufumba na kufumbua.

Kinachoumia hapo ni bondo. Ukienda masoko ya Ziwa Viktoria utasikia mabondo ya sangara yakiuzwa kwa bei ya kushangaza. Ni kile kifuko cha hewa kinachomsawazisha samaki majini. Vitabu vinaandika "kibofu cha hewa" au "kibofu cha kuelea", na mwanafunzi anawaza mkojo. Bondo ni fupi, ni la wavuvi, ni la sokoni, na linatosha. Kanieneo ikishuka ghafla, hewa ndani ya bondo hupanuka na bondo hupasuka. Sentensi hiyo inaeleweka Bukama, Mwanza na Lamu, na inaeleza jeraha ambalo ripoti nyingi hulificha chini ya "vifo vitokanavyo na mitambo".

Chujio la mbele ya mtambo lina udanganyifu wa jina. Tunachuja chai ili majani yabaki na kilicho chema kipite. Mbele ya turbini ni kinyume: magogo na samaki wakubwa hubaki, na kinachopita ni kinda, kuingia penye mapanga. Kwa kazi hiyo tuseme kingio, kutoka kinga, kisha tuulize nafasi kati ya nondo na nondo ni milimita ngapi na inamkinga nani. Kingio kisichomkinga kinda kimewekwa kwa ajili ya mtambo peke yake, na jina litatulazimisha kusema hivyo.

Hapo hufika sifa ya kila mradi mwema: ngazi ya samaki. Naliheshimu kusudi lake, lakini neno hili limetoka kwa samoni wa Ulaya na Amerika, samaki arukaye. Wakwezi wengi wetu hawaruki namna hiyo. Ngazi, zaidi ya hayo, katika akili ya Mswahili ni ya kwendea juu. Mhandisi akisema "tumeweka ngazi", mkutano unaridhika, na hakuna anayeuliza mtoto atashukia wapi, kwa kuwa neno limemaliza safari kileleni. Napendekeza mapito. Ni wingi, na wingi huo una maana: pawe na pito la mkweo na pito la mteremko, tena si lazima yawe mahali pamoja. Mapito ya samaki yenye pito moja yatasikika pungufu mdomoni, kama yalivyo pungufu mtoni.

Pito la mteremko lina majina mawili yanayolingoja. La kwanza ni mchepuo, tulilokwisha kulizoea kwenye barabara zinazozunguka mji: mfereji mchepuo unaomchukua kinda kando ya ukuta bila kumpitisha mtamboni. La pili ni utoro. Mafundi wa malambo Tanzania huita utoro wa maji ile njia ya kutolea maji yaliyozidi, na kila nilisikiapo neno hili nafurahi upya. Maji yamefungiwa, yametoroka! Utoro ukifunguliwa kwa wakati wa mteremko, kinda anayefuata maji anatoroka nayo juu ya ukuta badala ya kupita penye mapanga. Kuanguka kunaweza kumuumiza pia, na namna ya kuujenga utoro ni kazi ya wahandisi. Ila saa ya kuufungua ni jambo wavuvi wanaweza kulishauri, kwa sababu wao wanajua makinda wanateremka lini.

Tusimsahau mkunga, anayetufundisha kwamba mpangilio unaweza kugeuka. Hayumo Lualaba, yumo katika mito inayoelekea Bahari ya Hindi. Mkunga wa maji baridi hutaga baharini mbali, na makinda wake, wembamba na wangavu, ndio wanaoingia mitoni na kukwea. Wazazi ndio wanaoteremka. Kwa hiyo kwenye mto Tana, ambako Kenya ilisimamisha Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, mkweo ni wa makinda, na mteremko kupitia mapanga ni wa mkunga mzima mwenye urefu wa mkono. Lugha imempa samaki huyu jina lile lile la mzalishaji wa wanawake. Ni sadfa, lakini ni sadfa ya kumkumbusha mwandishi aulize kila mara: katika mto huu, nani anakwea na nani anateremka?

Wataalamu wa dunia huwagawa samaki wasafiri kwa kigezo cha bahari: anayetoka baharini kutaga mtoni, anayetoka mtoni kutaga baharini, na asiyeijua bahari kabisa. Kiswahili nacho ni lugha ya pwani na huvutwa kupimia kwa chumvi. Lualaba inatudai mizani nyingine. Wakwezi wake wanazaliwa, wanakwea, wanateremka na kufa katika maji baridi, bahari ikiwa mbali nyuma ya Boyoma na Inga. Tuwaite wakwezi wa mto, nao wale wa samoni wawe wakwezi wa bahari, na mkunga awe mteremkaji. Mizani iwe mwendo wa mzazi aendaye kutaga. Hapo samaki wa bara hatakuwa tena yule aliyebaki baada ya kugawa.

Ningekuwa nimepunguza ukweli kama ningelaumu kuta peke yake. Mpumbu wa Luapula na Ziwa Mweru alikuwa mkwezi maarufu. Alipanda mto na mvua za kwanza kwa makundi makubwa, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Nyavu zilimngoja njiani akiwa na mayai, huku miji ya migodi ya Katanga ikidai chakula. Ningu wa Ziwa Viktoria alipatwa na jambo kama hilo kwenye midomo ya mito, miaka hiyohiyo. Kwa hiyo kizuizi kiwe jina la ukuta na la wavu pia, na mkweo uwe na msimu wake sheriani: miezi ya mkweo, miezi ya mteremko. Neno moja likitumika kwa mwenye wavu na kwa mwenye turbini, hakuna anayeonewa.

Nani ayapokee maneno haya? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya Kongo ya 2006, na tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye Kamisheni ya Kiswahili huko Zanzibar. Tanzania iko BAKITA, baraza lake la Kiswahili. Mabaraza yanajua kusanifu. Wavuvi wanajua samaki. Istilahi ya mto isitungwe pwani kisha ikapelekwa Kolwezi kama barua ya serikali. Bukama, Kikondja na Malemba-Nkulu zina majina ya samaki, ya misimu na ya mitego ambayo kamusi zetu hazijayasikia, mengine ya Kiluba, mengine ya Kiswahili cha Katanga kisemacho muto na mayi. Yakusanywe kwanza. Nikiambiwa kwamba kwa watu wa ziwa Kisale kuna jina la mteremko lililo bora kuliko langu, langu liondoke.

Hadi hapo, tuyajaribu kazini. Chukua aya hii uipeleke kwenye kikao chochote cha tathmini ya athari kwa mazingira: "Ukuta huu utazuia mkweo wa wakwezi gani, na katika miezi gani? Makinda watakapofuata maji, watapita kilomita ngapi za maji ya kutuama? Mapito yako wapi, ya mkweo na ya mteremko? Kingio kina nafasi ya milimita ngapi? Utoro utafunguliwa lini, na nani ataamua? Kanieneo itashuka kiasi gani, na mabondo mangapi yatapasuka?" Kila swali ni la Kiswahili, kila swali linamtaka mhandisi ajibu kwa tarakimu, na mvuvi aliyeketi nyuma anaelewa jibu bila mkalimani. Tuyazoeze masikio ya watu kabla ya ukuta unaofuata, ili siku ya kikao yasiwe mageni kwa yeyote.